Sufuria ya Kumi na Mbili

Mgeni wangu, wewe utakayefika Ijumaa saa kumi alasiri, nianze na vumbi.

Asubuhi jua la mji wetu wa Kelderby huingia kwa dirisha dogo la ngazini, likakikata chumba upande, na ndani ya mwanga ule vumbi huonekana likipanda na kushuka bila haraka. Jua likihama, vumbi halionekani tena. Mimi husimama na kitambaa mkononi nikalitazama kidogo, kisha nikalifuta, kwa kuwa ndiyo kazi ninayolipwa.

Vumbi ni watu. Ni nywele zao na ngozi zao, nyuzi za soksi, chembe za mkate, mchanga wa viatu vilivyovuliwa kwa uchovu. Nyumba yenye watu ina vumbi. Yako haina. Yako inang'aa, inanukia limau, na ukipitisha kidole juu ya mlango utakitoa kikavu na kisafi, kwa sababu mimi nimepita.

Mimi ni Nesta Garbutt. Hutaniona. Saa nne asubuhi mgeni anatoka, saa kumi mgeni anaingia, na katikati ya saa hizo sita ndimo ninamoishi. Natandika kitanda chako, nang'arisha bomba lako, nakunja ncha ya karatasi ya chooni iwe pembe tatu, natia maua kwenye gilasi, nafunga mlango, narudisha ufunguo ndani ya kisanduku cha tarakimu kilichopigiliwa ukutani. Halafu nakwenda zangu. Miaka tisa nimefanya hivyo, na leo nakuambia wazi: miaka tisa nimekuchukia. Hujanikosea kitu. Nimekuchukia hata hivyo.

Maana nyumba hii namba nne, ambayo wewe unaijua kwa jina la Kijumba cha Vifungo, ndimo nilimozaliwa.

Vifungo ni vya mama yangu. Aliviuza pale nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, kila Alhamisi ya maisha yake: vifungo, zipu, riboni, lastiki za sketi. Nyumba tuliipanga kwa ukoo wa jumba kubwa la kilimani, na jina kwenye mkataba lilikuwa lake peke yake. Alipofariki, mkataba ulikwisha naye. Ikaja barua yenye maneno mazuri mazuri. Mimi nikahamia chumba cha juu ya duka la dobi, kwenye barabara ya kutokea mjini, na wao wakavunja ukuta wa jikoni, wakapaka rangi ya maziwa, wakaipa nyumba jina jipya. Vifungo vilivyosahaulika kwenye droo wakavigandisha ndani ya fremu na kuvitundika sebuleni. Kila wiki namfuta mama yangu vumbi.

Na juu ya fremu ile, kwa herufi kubwa za mbao, wameandika maneno mawili. Jisikie nyumbani. Kila herufi ina pembe zake, na kila pembe hupenda kuweka uchafu, kwa hiyo nayasoma polepole, herufi baada ya herufi, na kitambaa kidoleni.

Jisikie nyumbani. Miaka tisa nayapangusa maneno hayo, na miaka tisa nayajibu kimoyomoyo: ngojeni.

Uwanja wetu wa soko una milango thelathini na sita. Hesabu mwenyewe utakaposhuka garini. Milango ishirini na mitano ina kisanduku cha tarakimu ukutani. Kumi na moja haina, na ndani ya hiyo kumi na moja mna watu: watu wanaokohoa, wanaogombana kwa sababu ya paka, wanaosahau kutoa takataka nje. Wakati wa mama yangu visanduku hivyo havikuwapo hata kimoja, na kila mlango ulikuwa na sufuria yake.

Sufuria hizo unazijua. Umezipiga picha. Ni zile kubwa za shaba zilizowekwa mbele ya nyumba za wageni, zimejazwa udongo, zimepandwa maua mekundu, zimetobolewa chini ili maji yatoke. Ukiinama utaona kila moja imegongwa namba kwenye mkono wake: namba ya mlango. Huku kwetu sufuria haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mlango. Ukihama unaiacha, na anayekuja anaikuta.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Oktoba ni siku ya sufuria. Wewe utadhani ni sherehe, maana kuna kengele na watu wamevaa kofia. Hatusherehekei. Tunahesabiwa. Mfalme mmoja wa zamani alipita hapa akiwa na njaa, akalishwa mlango kwa mlango, na kwa shukrani akawaachia watu uwanja huu kwa karatasi ya ngozi iliyo kanisani chini ya kioo. Soko litakuwa lao maadamu sufuria kumi na mbili zinachemka kuuzunguka uwanja siku hiyo. Sufuria iwe ya mlango ule. Aliyepika awe amelala ndani ya nyumba ile usiku wa kuamkia siku hiyo, na apike kwa moto wa nyumba ile. Zikipungua kumi na mbili, uwanja unarudi kwa ukoo wa kilimani. Wakala wao ameshaupima kwa utepe. Yataegeshwa humo magari arobaini, yakipangwa vizuri. Magari yako, mgeni wangu.

Mwaka jana zilitimia kumi na mbili kamili. Mwezi Machi mzee Wilf Dinsdale wa namba ishirini akafariki, na kabla Pasaka haijafika ukutani kwake kukawa na kisanduku.

Clifford Appleyard ndiye mpiga kengele wetu. Siku nyingine huuza jibini, na ana sauti ambayo ng'ombe wenyewe wangeiheshimu. Alhamisi ya katikati ya Septemba alikuja kwenye meza yangu ya vifungo, kwa maana meza ya mama sikuiacha, nikiambiwa au nisiambiwe. Alikuja na bibi Muriel Stobbart wa namba tisa, mwenye miaka themanini na moja na magongo mawili.

"Kumi na moja," Clifford akasema. "Nimehesabu mpaka vidole vimeniuma."

"Hesabu tena," nikamwambia.

"We Nesta, unadhani sufuria zinazaa?"

"Si muwaambie hao wageni?" akasema Muriel. "Si wanalala humo? Si zinaitwa nyumba za kujipikia?"

Nilicheka, na haikuwa furaha. "Kujipikia! Muriel mama, majiko yao nayaosha mimi. Chupa ya mafuta niliyoiweka Januari bado imejaa. Chumvi imeshikana kama jiwe. Wanachemsha maji ya chai, basi, halafu wanakwenda kula hotelini. Na hata wakipika, wapikie kwenye nini? Sufuria zote zimetobolewa zikapandwa maua."

"Zote," Clifford akasema, akiwa amekata tamaa kabisa. "Basi ndiyo tumekwisha."

"Siyo zote."

Wakanitazama.

"Ya namba nne iko chini ya kitanda changu," nikasema. "Walipokuja kuniondoa nilibeba nguo zangu na sufuria. Najua si desturi. Nilikuwa na hasira, nikaiba sufuria ya mlango wangu mwenyewe."

Muriel akagonga gongo chini mara moja. "Mwizi mzuri," akasema. "Ila huishi namba nne, mpenzi. Unaisafisha tu."

Unaisafisha tu. Neno hilo nilikwenda nalo mpaka chumbani kwangu, nikapanda nalo ngazi, nikalala nalo. Asubuhi lilikuwa limegeuka.

Nilikwenda maktaba, kwenye kompyuta ya bure, nikaufungua ukurasa wako, mgeni wangu. Ule ule unaoufungua wewe. Picha za kitanda nilichokitandika mimi, picha za maua niliyoyatia mimi. Wakaniuliza tarehe: Jumatatu hadi Ijumaa, juma la kwanza la Oktoba. Jina: Nesta Garbutt. Idadi ya wageni: mmoja. Sababu ya safari: mapumziko, kazi, au kutembelea familia? Nikabonyeza familia. Bei yake sitaki kuizungumzia; iliniuma na ikapita. Papo hapo jibu likaja lenyewe, bila mtu kulisoma. Mpendwa Nesta, tunakungojea kwa furaha. Jisikie nyumbani.

Niliiomba maktaba inichapishie. Nikaikunja karatasi hiyo mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa aproni.

Jumatatu nilisafisha namba nne kama kawaida yangu. Nilijiwekea taulo safi, nilijikunjia karatasi ya chooni. Saa kumi kasorobo nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo kisandukuni, nikalizunguka kanisa mara moja na mkoba wangu, na saa kumi kamili nikafika kama mgeni. Nilibonyeza zile tarakimu. Nikaingia. Nikasimama katikati ya sebule ya mama, na nilikuwa na haki ya kukaa kwenye kiti. Nilikaa. Nililia pia, na hilo halikukatazwa kwenye orodha ya masharti.

Usiku tatu nililala humo, kwenye chumba cha mbele ambamo mama alikuwa akihesabu vifungo kwa dazeni. Asubuhi ya Jumatano niliona vumbi langu mwenyewe kwenye mwanga wa ngazini. Sikulifuta.

Sasa nikueleze kosa langu, maana hakuna mwingine ambaye angelifanya.

Alhamisi niliamka alfajiri. Nyama ya kondoo nilikuwa nayo, shayiri nilikuwa nayo, karoti, vitunguu, majani ya kunukia. Sufuria ya namba nne nilikuwa nimeisugua kwa siki na chumvi mpaka ikaona haya. Saa moja na nusu nikaiweka juu ya jiko, lile jiko lako jeusi la kioo lililo laini kama meza, nikagusa kitufe. Likawaka taa. Likalia kidogo. Likazima.

Nikagusa tena. Likalia. Likazima.

Nikaiinua sufuria, nikapangusa kioo, maana hilo ndilo ninalolijua. Nikairudisha. Likalia, likazima, na kwenye dirisha lake dogo ikatokea alama ambayo nimeipangusa juu juu miaka tisa bila kuuliza maana yake. Nikavuta droo, nikatoa kitabu cha maelekezo ambacho mimi mwenyewe hukinyoosha kila wiki, na kwa mara ya kwanza nikakisoma. Jiko hili hufanya kazi kwa sumaku. Hupasha vyombo vya chuma. Vyombo vya shaba halivitambui.

Halivitambui. Nimeliosha jiko hilo mara mia tisa. Najua mkwaruzo wake wa kushoto, najua ufa wa ukingoni. Sikuwahi kulipikia hata yai. Na sasa sufuria iliyolisha nyumba hii tangu zamani za babu wa babu imewekwa juu yake, nalo linauliza: hii ni nini?

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma. Nilikitukana kioo, niliutukana ukoo wa kilimani, nikakutukana na wewe, mgeni wangu, ambaye wakati ule pengine ulikuwa kwako unakunja nguo za safari. Nilijiona mjinga niliyelipa mshahara wangu ili nije kushindwa ndani ya nyumba ya mama.

Na nikiwa pale chini, macho yakaenda kwenye dohani la sebuleni.

Unalijua lile shimo la moto. Ndani yake wamepanga magogo meupe ya mapambo, matunda ya misonobari, na ushanga wa taa ndogondogo. Juu yake kuna kibao kizuri: tafadhali usiwashe moto. Wewe ukiona hivyo unafikiri dohani limezibwa, kama mengi ya uwanjani yalivyozibwa. Wenye nyumba wanafikiri hivyo. Msimamizi anafikiri hivyo.

Mimi ninafuta vumbi lake. Kila Ijumaa, upepo ukivuma kutoka kaskazini, juu ya magogo yale meupe ninakuta masizi. Kidogo tu, unga mweusi, kiasi cha kijiko. Kila Ijumaa naupangusa ili wewe usiuone. Siku moja niliingiza kichwa na tochi kutafuta yanatoka wapi, na kule juu nikaona mbingu, kipande kidogo, cheupe, kimetulia. Hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo sikumwambia mtu. Dohani la namba nne lilikuwa wazi miaka yote.

Nikaondoa taa. Nikakitoa kile kibao, nikakilaza chali mezani kwa heshima. Magogo ya mapambo yalikuwa na miaka tisa ndani ya nyumba yenye joto, na kuni kavu kama zile hazipatikani sokoni. Matunda ya misonobari yalishika kwa kiberiti kimoja. Moshi ukajaa kwanza chumbani, ukanikohoza, ukapaka herufi zote za jisikie nyumbani rangi ya kijivu. Kisha ukakumbuka njia. Ndoano ya sufuria ilikuwa bado imo ukutani mwa dohani, kwa kuwa waliiona inapendeza.

Nasikia huko nje watu walisimama. Moshi ulikuwa unatoka namba nne. Muriel alikuwa dirishani kwake, na anasema alipiga kelele peke yake kama msichana.

Lakini sufuria kubwa haina haraka, na moto mdogo hauna haraka, na ilikuwa tayari saa tatu. Saa tano kengele ikalia kanisani, na maji yangu yalikuwa ya moto tu. Hayakuchemka. Nilipiga magoti, nikapuliza. Nilitia kijiko cha mbao cha mapambo motoni. Nilitia kikapu cha magazeti ya zamani, kikapu na magazeti yake.

Nje Clifford alikuwa ameanza mzunguko. Huanzia kanisani, kwa namba thelathini na sita, akazishuka namba, na kati ya sufuria za mwaka huu namba nne ilikuwa ya mwisho. Nyuma yake alikuwa wakala wa ukoo wa kilimani, na daftari, akiweka alama. Kwenye kila sufuria Clifford huuliza maswali mawili, huonja, kisha huandika kwa chaki kwenye mlango. Na siku ile, mgeni wangu, watu wa milango kumi na moja waliutazama moshi wangu, wakaelewa, na bila mtu kusema neno wakaanza kumchelewesha.

Namba thelathini na moja walimwonjesha mara mbili. Namba ishirini na sita wakadai amekosea kuandika, afute, aandike tena. Muriel alipofikiwa akasema hakusikia swali.

"Nani kalala hapa?" Clifford akarudia.

"Kalala nani?"

"Hapa, Muriel. Nani kalala hapa?"

"Ah, hapa! Nilidhani unauliza habari za Wilf, Mungu amrehemu. Wilf alikuwa akilala mchana, unajua. Onja basi. Inataka nini?"

"Haitaki kitu."

"Onja tena. Jana uliniambia una mafua, utajuaje ladha?"

"Mama, tuna haraka," wakala akasema.

"Mimi nina miaka themanini na moja," Muriel akamjibu, "na wala sina haraka."

Nami kule ndani nikaliona tone la kwanza likipanda kutoka chini ya sufuria, likafuatwa na jingine.

Mlango ukafunguliwa. Hakuwa Clifford. Alikuwa Tamsin Orme, msimamizi wa nyumba za wageni, mwenye miaka ishirini na minane, mtoto wa hapa hapa. Nyumba ishirini na tano za uwanjani ziko mikononi mwake, na yeye mwenyewe amepanga mji wa jirani, kwa kuwa hapa hakupata pa kukaa.

"Bi Nesta! Umewasha moto? Bi Nesta, umewasha moto!"

"Nimewasha."

"Imeandikwa usiwashe!"

"Imeandikwa pia jisikie nyumbani. Nimesoma yote mawili, Tamsin mwanangu. Nimechagua moja."

Akakitazama kibao kilicholala chali. Akazitazama herufi za kijivu ukutani, kuta za rangi ya maziwa ambazo hazikuwa za maziwa tena, zulia lililoungua tundu la ukubwa wa kifungo. Alitaka kupiga kelele na alitaka kulia, niliviona vyote viwili usoni mwake. "Wataniua," akasema. "Wenye nyumba wataniua mimi, siyo wewe."

"Shika huko," nikamwambia, nikamtupia kitambaa kinene. Sijui kwa nini alishika. Tuliibeba sufuria kwa mikono miwili miwili, tukavuka kizingiti, na tukaiweka kwenye jiwe la mlangoni hali inatokota, mvuke wake ukipanda mbele ya nyuso zetu. Clifford alikuwa hatua kumi kutoka kwetu.

Hapo kila mtu wa uwanjani alikuwa ametugeukia. Hata wageni wenye simu walizishusha.

"Huyu simtambui," wakala akasema. "Huyu ni msafishaji. Haishi hapa."

Lile neno tena: halivitambui, simtambui. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, nikatoa karatasi yangu iliyokunjwa mara nne. "Soma," nikamwambia. "Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu mmoja. Nyumba ya kulala na kujipikia. Nimelala na nimejipikia."

Alisoma, akaigeuza, akatafuta kosa upande wa pili ambako hapakuwa na kitu. Akamgeukia Tamsin. "Kweli huyu ni mgeni wako? Au umemfungulia tu mlango? Fikiria kabla hujajibu. Unajua nyumba hizi unazisimamia kwa niaba ya akina nani."

Tamsin alikuwa na masizi kidevuni. Hakunitazama. Aliyatazama maua mekundu kwenye sufuria ya jirani, yale anayoyamwagilia yeye mwenyewe kila Jumanne.

"Ni mgeni," akasema. "Amelipa. Na zulia atalilipa pia."

Clifford akapiga kengele mara moja. Akauliza kwa sauti yake ile ya kuamsha ng'ombe.

"Nani kalala hapa?"

"Mimi nimelala hapa."

"Nani kapika hapa?"

Mama yangu aliyajibu maswali hayo miaka hamsini na mbili kwenye jiwe hili hili, mkono kiunoni. Niliweka mkono kiunoni.

"Mimi, Nesta, binti wa mwuza vifungo, nimepika hapa."

Akachovya kijiko, akapuliza, akaonja. Akafumba macho. "Shayiri haijaiva," akasema.

"Haikutakiwa kuiva! Ilitakiwa kuchemka!" Muriel akapaza sauti kutoka namba tisa, na uwanja mzima ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko kile Clifford akainua chaki akaandika kwenye mlango wako mpya, ule wa rangi ya kijani kibichi, kwa namba kubwa: kumi na mbili.

Wakala akafunga daftari lake. Akasema mwaka una siku nyingi na wao wana subira. Nikamwambia na mimi nina sufuria. Mwakani nitaweka nafasi tena, na mwaka utakaofuata, na wakinifungia namba nne nitaziba tundu la sufuria ya namba yoyote ambayo dohani lake liko wazi, nilale humo, na dohani lipi liko wazi ninalijua mimi peke yangu.

Baadaye, tuliposimama na mabakuli, Tamsin aliniambia bila kuinua uso kutoka kwenye mchuzi, "Kesho usije kazini, Bi Nesta. Lazima nikufukuze. Unaelewa."

"Naelewa. Nani atakuja?"

Akachota kijiko kingine cha mchuzi.

"Kuna mgeni saa kumi," nikasema. "Mashuka atafua nani? Muriel?"

Aliukwangua mchuzi mpaka chini. Akautazama uwanja, mlango kwa mlango, kisanduku kwa kisanduku, akitafuta mtu. "Saa nne," akasema. "Na usichelewe."

Sikuchelewa. Leo Ijumaa, saa nne kamili, nilitoka namba nne kama mgeni na mkoba wangu, nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo. Nikageuka pale pale kwenye jiwe, nikatoa ufunguo, nikaingia kama msafishaji. Nimefua, nimesugua, nimeosha kuta mpaka mabega yanawaka. Nimetandika kitanda chako. Herufi za jisikie nyumbani nimezipangusa zote, ila tundu la zulia sikuweza, nimelifunika kwa kiti. Harufu ya moshi itakuwapo. Fungua dirisha au uizoee. Haya yote ninayaandika kwenye kitabu cha wageni, kwa kuwa nami nilikuwa mgeni na nafasi yangu ya kuandika nimeilipia.

Mwisho nilitoka na kitambaa nikausafishe mlango. Jua lilikuwa limefika upande huu wa uwanja. Nilipousogelea, upepo ukapita, na chaki ikamwagika kidogo kutoka kwenye ile namba mbili, unga mweupe, ukaelea mbele ya uso wangu ndani ya mwanga, ukipanda na kushuka bila haraka. Nikainua mkono. Miaka tisa mkono wangu unajua la kufanya ukiona vumbi.

Nikaushusha.

Kwa hiyo ukifika utaikuta pale: kumi na mbili. Usiifute. Jiko la kioo halipiki chochote cha maana, lakini chini ya sinki nimekuachia kuni na kiberiti, na sufuria nimeiacha kwenye ndoano yake, kwa kuwa ni ya mlango, haikuwa yangu kuibeba. Karoti zimebaki tatu. Pika, mgeni wangu. Kohoa, chafua, acha nywele zako kwenye mto, nitakuja kukufuta Jumatatu.

Karibu. Jisikie nyumbani. Nyumbani kwangu.